Nyumba Isiyoonekana Kutoka Barabarani

Mama yangu ana kipimo kimoja tu cha uvivu. Ukipita barabarani ukaiona nyumba ya mtu yote, bati, mlango na kamba ya kuanikia nguo, basi mwenye nyumba hiyo ni mvivu, hata kama anaamka saa kumi alfajiri. Kwa nini nyumba ionekane? Migomba yake iko wapi? Pale Kisondela nyumba ya mama ilikuwa haionekani. Bodaboda wageni walikuwa wanapitiliza, wanageuza, wananiuliza, "Madam, una uhakika? Mbona hapa ni porini?" Nikimsimulia mama anacheka mpaka anatafuta mahali pa kukaa.

Nasema ilikuwa. Nitafika huko, na nikifika nitakuwa na hasira, kwa hiyo nivumilieni. Wapo watu wakikasirika wananyamaza. Mimi nimefundisha Kiingereza sekondari hapa Tukuyu miaka mingi, kunyamaza sikujifunza.

Shamba lenyewe si kubwa. Chini kahawa, juu ya kahawa migomba, juu ya migomba miringaringa, miti ya mbao na kivuli, na karibu na chemchemi mikuyu miwili mikubwa. Pembeni kuna miparachichi ya kienyeji ambayo hakuna mnunuzi anayeitaka, ila watoto wa kijiji kizima wanaijua. Baba alipofariki pale palikuwa peupe, udongo unashuka na mvua mpaka mtoni. Mama alipanda mche mmoja mmoja, akibeba maji kwa ndoo kiangazi, sisi watoto tukimwona amerukwa na akili. Miti ilipokomaa akapata neno lake. "Huu ni msitu wangu," alikuwa anasema, kwa Kiswahili chake cha Kinyakyusa ambacho neno hilo kinalitamka "nsitu". Kwa mama, msitu ni sifa. Ule msitu wa kweli, wa serikali, kule juu Rungwe, yeye anauita "mlimani" tu. Lakini mwanamke akiambiwa shamba lake ni msitu, siku hiyo hata ukimkopa chumvi anakupa na mafuta.

Shikeni neno hilo, maana ndilo lililotuponza.

Ilianza na warsha. Chama chetu cha wakulima wa kahawa kilialikwa kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, kusikia habari za sheria mpya ya mazingira. Si sheria ya Tanzania. Ni sheria ya umoja wa nchi za ng'ambo, zile zinazonunua kahawa. Wakanitafuta mimi niwe mkalimani, kwa kuwa ni mwalimu na kwa kuwa mama yangu ni mwanachama tangu chama kinaanzishwa. Nilikubali haraka. Nilijiona wa maana, nisiseme uongo, nikavaa hadi viatu vya kanisani.

Mtaalamu aliyekuja kutoka huko alikuwa mama mmoja mpole, anakunywa chai yetu bila kukunja uso, na kusema kweli nilimpenda. Akaeleza jinsi nchi nyingi zinavyotunga sheria moja. Kwanza ofisi kuu ya umoja inaandika rasimu. Rasimu inakwenda kwa wabunge wa umoja, wanaongeza meno. Inakwenda kwa mawaziri wa kila nchi, wanang'oa meno. Nchi yenye wakata mbao inalia upande huu, nchi yenye wafuga ng'ombe inalia upande ule, wenye viwanda wanakuja na mawakili, watetezi wa mazingira wanakuja na mabango. Halafu pande zote zinafungiwa chumba kimoja, wanabishana neno kwa neno, wanatoka na maandishi ambayo hakuna aliyeyapenda yote. Ndiyo inaitwa maafikiano. Alisema, nami nikatafsiri kwa sauti ya kufundishia: "Kila nchi imekubali kupoteza kitu kidogo ili misitu ya dunia ipone."

Mzee mmoja wa Lupepo, mwenye koti zito na kofia mkononi, akasimama. "Ndaga," akashukuru kwanza, maana huku kwetu hata ukitaka kugomba unaanza kwa kushukuru. "Mama mgeni, hizo nchi zimekubali kupoteza kitu. Sisi tumekubali kupoteza nini? Na tulikubali lini?"

Ukumbi ulicheka. Mgeni hakucheka, akajibu vizuri kabisa. Alisema wakati wa kutunga sheria kulikuwa na dirisha la maoni, kwenye mtandao, na mtu yeyote duniani aliruhusiwa kuandika. Dirisha likafungwa baada ya muda wake.

Jioni nilimsimulia mama kwa simu. Akauliza, "Dirisha?"

"Dirisha la maoni, mama."

"Mimi nyumba yangu ina madirisha mawili. Sikusikia mtu akigonga."

Tulicheka sana. Leo nikikumbuka kicheko kile nataka kurusha kitu. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na sisi tulikuwa tunaichekea methali hiyohiyo huku inatutafuna.

Kitu kimoja zaidi kuhusu warsha ile. Mgeni alisoma tafsiri ya msitu ndani ya sheria yao, na mimi niliiandika kwenye daftari langu kwa mkono wangu: ardhi inayotumika kwa kilimo haihesabiwi kuwa msitu, hata kama ina miti mingi juu yake. Nikaipigia mstari. Nikafunga daftari, nikaenda kula pilau.

Baada ya miezi kadhaa alikuja bwana wa ramani. Mtu mzima, wa rika langu, buti za mvua, simu mbili na haraka nyingi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mpaka wa kila shamba la mwanachama akiwa na simu, ili kule ng'ambo wajue kila gunia limetoka kipande gani cha ardhi, na kama kipande hicho kilifyekwa msitu baada ya tarehe waliyoiweka. Maswali yalikuwa kwa Kiingereza. Wazee wengi wa chama hawakijui, naye alikuwa na vijiji vingine vya kumaliza, basi akaniomba, "Madam, wewe saidia wazee kujaza, mimi nitembee na mipaka." Ilikuwa Jumamosi, nilikuwa nyumbani kwa mama. Nikajaza.

Nilijaza kwa watu wengi bila shida. Wengine nilikuwa nawajibia kabla hawajafungua mdomo. Kwa mama ndipo nilipojifanya mwadilifu. Simu iliuliza aina ya ardhi: shamba, msitu, au nyinginezo. Nikamwambia, "Mama, hapa wanauliza ardhi yako ni ya aina gani. Shamba au msitu?"

Akaniangalia utadhani nimemtukana. "Wewe mtoto, huoni? Kila mtu ana shamba. Andika msitu. Nimeupanda mwenyewe, kwa ndoo."

Majirani walikuwepo, wanacheka, wanampigia makofi. Na mimi, mwalimu wa Kiingereza, mkalimani wa warsha, mwenye daftari lililopigiwa mstari, niliona mama yangu amenyoosha shingo, nikashindwa kumwambia tuandike shamba kama watu wengine. Nikabonyeza msitu.

Swali lililofuata: kuna sehemu iliyofunguliwa miaka ya karibuni? Mama akajibu upesi, maana mama hajui kuficha. "Ndiyo, pale upepo ulipolaza migomba. Nimeweka kahawa mpya, imeshika vizuri." Nikabonyeza ndiyo. Bwana wa ramani akarudi akihema, akachukua simu yake, akasema asante madam, akapanda pikipiki.

Sasa wewe soma majibu yale ukiwa umekaa ofisini ng'ambo ya bahari, na picha ya setilaiti mbele yako. Msitu. Ndani ya msitu, tundu jipya. Ndani ya tundu, kahawa. Mama yangu amekata msitu akapanda kahawa. Mwizi kakamatwa na ngozi mkononi!

Nasikia pia walilinganisha na picha. Picha gani, jamani? Tukuyu hii? Hapa mvua ikikosa siku tatu watu wanaulizana kulikoni. Mawingu yanalala juu yetu mwaka mzima. Hiyo setilaiti ilitupiga picha siku gani, na ilituona kupitia wapi?

Orodha ilibandikwa ukutani kwenye ofisi ya chama. Kijani, mahali pa kupita. Nyekundu, mahali pa kukwama. Nyekundu ilikuwa moja tu, ya mama. Na chini yake maelezo: kahawa ya shamba jekundu isichanganywe na nyingine, ikichanganywa mzigo wote wa chama utakataliwa. Mwanamke aliyebeba mawe kichwani ya kujengea banda la mashine ya kumenya kahawa akaambiwa asilete ndoo yake kwenye mashine hiyo mpaka atakaposafishwa. Hawakumfukuza. Watu wa kwetu hawafukuzi mtu. Walimsalimia tu kwa adabu nyingi kuliko kawaida, "Mugonile, mama," halafu wakawa wanaangalia ndoo yake badala ya uso.

Kilichoniwasha zaidi ni cha ng'ambo ya barabara. Kule juu kuna tajiri mmoja wa kutoka mbali, kaja kwetu akanunua kilima chenye miti ya asili tuliyoikuta sote. Alikifyeka chote kwa wiki chache, tukisikia misumeno tangu asubuhi, akapanda parachichi za kuuza nje, mstari kwa mstari hadi upeo wa macho. Vijito viwili vya chini yake vimekauka. Nilimuuliza bwana wa ramani kwa simu, na yule? Akajibu bila aibu, "Parachichi halimo kwenye orodha ya mazao ya sheria, madam. Sheria inataja kahawa." Yaani walifungiwa chumbani, wakabishana neno kwa neno, na parachichi likapita chini ya meza. Aliyefyeka kilima anauza bila kuulizwa, aliyepanda kwa ndoo anaitwa mharibifu. Halafu mnaniambia nipunguze sauti!

Nilimwambia mama, "Usifanye kitu chochote. Niachie mimi. Kosa ni langu, nitalifuta."

"Kosa gani lako? Si mimi niliyesema msitu?"

"Mama, nakuomba. Nipe muda."

"Haya, mwanangu," akasema. Hiyo "haya" niliisikia vibaya. Nilidhani ni ya kukubali.

Nikaanza kuzunguka. Nilitoa daftari, nikanakili ule mstari wa tafsiri ya msitu, nikaandika barua kwa Kiingereza changu bora kabisa. Nilikwenda Mbeya kwenye ofisi ya wale waliomtuma bwana wa ramani. Dada wa mapokezi akasoma, akaniambia, "Madam, una haki kabisa, lakini mfumo ndio umesoma hivyo." Nikamwambia mfumo haukusoma kitu, mimi ndiye niliyebonyeza. Akasema basi mwenye kosa ni wewe. Nikakubali, nikamwambia nirudishie nibonyeze upya. Akasema fomu ikishatumwa imefungwa, labda kwenye picha ya mwakani.

Niliandika ng'ambo pia, kwa yule mama mpole wa warsha. Alijibu, na alijibu kwa utu. Alisema anasikitika, kesi za namna hii zipo nyingi, sheria yenyewe iko upande wa mama, tatizo ni utekelezaji, na atalifikisha panapohusika. Niliirudia barua ile mara nyingi, nikitafuta ndani yake mtu mmoja ambaye ningeweza kumgongea mlango. Sheria iko upande wa mama! Sasa kama sheria iko upande wake, aliyemweka ukutani na rangi nyekundu ni nani?

Nikiwa kwenye barua zangu, kule Kisondela maneno yalikuwa yanatembea. Mjumbe mmoja wa kamati ya chama, wala si mtu mbaya, alimweleza mama kitu alichokisikia kwa mtu aliyekisikia kwa bwana wa ramani: kwamba ile picha ya juu haioni kahawa, inaona vichwa vya miti tu. Vichwa vikipungua, itasoma shamba. Akamwambia kwa upole, amekaa kwenye kigoda cha mama, anakula ndizi za mama. Aliongeza kwamba wenzake wanamwonea huruma, ila mzigo wa chama ni wa watu wote.

Mama hakuniambia. Simu alikuwa anapokea kama kawaida. Watoto hawajambo? Hawajambo mama. Mvua? Ipo. Umekula? Nimekula. Nami nikawa nampa habari za barua zangu, nani kajibu, nani kasema nisubiri, na yeye anaitikia, "Ndaga fijo, mwanangu, usichoke." Ananishukuru sana, mimi mjinga, na misumeno imeshaagizwa.

Jumamosi moja nilichukua bodaboda kutoka Msasani ya hapa Tukuyu, ninakokaa. Dereva alikuwa mgeni. Tulipokaribia nikafungua mdomo nimwelekeze, nimwambie usipitilize, kuna njia ndogo kushoto. Kabla sijasema niliiona nyumba. Niliona bati, lina kutu upande mmoja, kutu ambayo sikuwahi kujua ipo. Niliona mlango. Niliona kamba ya nguo na kanga ya mama juu yake. Dereva akaniuliza, "Ni ile pale, madam?"

Ni ile pale.

Mikuyu yote miwili ilikuwa chini. Miringaringa ilikuwa imeshapasuliwa mbao na kuondoka, yamebaki maranda na visiki vibichi vinavyotoa maji. Migomba iliyoangukiwa ilikuwa imelala juu ya kahawa, na kahawa iliyozoea kivuli ilikuwa inajikunja majani kwenye jua. Kwenye chemchemi wale wakataji walikuwa wametupa matawi. Mama alikuwa ameinama anayatoa moja moja.

Nilipiga kelele. Sitajitetea. Nilimpigia kelele mama yangu mzazi, mjane, mzee, mbele ya majirani. Nilimwambia nilikuomba usubiri! Nilimwambia sheria ni ya kulinda miti, mama, ya kulinda miti! Nani kakwambia ukate miti ili upite kwenye sheria ya kulinda miti?

Akanyanyuka polepole, akajifuta mikono kwenye kanga. "Si wewe uliyeniambia wanauliza shamba au msitu?" akasema. "Nikasema msitu, wakanikataa. Sasa ni shamba."

Nikashika tawi upande wa pili, tukavuta pamoja.

Wiki chache baadaye, kwenye kundi la simu la chama, mtu alituma habari. Ule umoja ulikuwa umekaa tena. Nchi zao wenyewe zililalamika: wakulima wao wanasumbuliwa na makaratasi, kompyuta za kupokea taarifa hazijawa tayari, wafanyabiashara wao wanahitaji muda. Kwa hiyo wameafikiana, neno lao lile lile, wameisogeza mbele sheria, na vipengele vingine watavitazama upya. Wanachama wakajaza kundi kwa vidole gumba na "Mungu mkubwa". Mimi niliweka simu kifudifudi juu ya madaftari ya wanafunzi, nikashindwa kusahihisha hata moja. Kumbe inawezekana! Kumbe nchi ikilalamika kuna anayesikia, tarehe inasogea, maneno yanafunguliwa. Wao walipewa muda. Mama yangu alinipa muda mimi, nami nikaumalizia kwenye mapokezi ya watu.

Halafu bwana wa ramani akapita tena na simu zake mbili, na jioni akanitumia ujumbe. "Hongera madam! Shamba la bibi sasa linasoma kijani. Hakuna shida tena." Na picha: kipande cha mama kimezungushiwa mstari, chote kijani safi, kama kitabu cha watoto.

Jumamosi nilimpelekea mama nikamwonyesha. Alivaa miwani yake, akaishika simu mbali na uso, akaangalia kijani cha kwenye kioo. Kisha akanyanyua macho akaangalia nje, visiki, maranda, na barabara yote hadi kwa tajiri wa parachichi, barabara ambayo tangu nikiwa mtoto haikuwahi kuonekana kutoka pale tulipokaa. Pikipiki ilipita, dereva akatupungia mkono kana kwamba anatujua.

"Waandikie," akaniambia. "Waambie waje tu wakati wowote. Hawatapotea, nyumba inaonekana."

Nilimuuliza kama alikuwa anatania. Jua lilikuwa limeshafika sakafuni, mahali ambapo halikuwahi kufika. Akainuka, akaingia ndani, akafunga madirisha yote mawili.